Tundu la Plagi

4 Machi, Jumatatu

Muuguzi wa kliniki amesema niwe naandika. Si kila kitu, amesema, yale tu yanayobadilika kwa mzee, ili mvua zikiisha na tukarudi kwa daktari niwe na la kusema, nisikae tu kwenye kiti chake nikilia kama wiki iliyopita. Haya. Mzee ameamka vizuri. Amekunywa chai yote. Ameniuliza leo ni siku gani, nikamjibu, akauliza tena, nikamjibu tena. Kufika adhuhuri hata mimi sikuwa na uhakika.

Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyo tangu kabla hajanioa. Maisha yake yote ametengeneza pikipiki za watu. Sasa amebaki na moja tu, mkweche wake mwenyewe, umeegeshwa barazani karibu na cherehani yangu. Mimi nashona, yeye anafungua na kufunga. Ndivyo tunavyoshinda.

6 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana. Nimetega sufuria.

9 Machi, Jumamosi

Leo alitaka kusafisha plagi, kile kidude kinachowasha moto ndani ya injini. Aliifungua, akaipiga brashi, akairudisha mahali pake. Halafu akachukua kipande cha bomba, akakivika kwenye mkono wa spana ili upate urefu, akaanza kukaza.

Mimi si fundi wa injini, lakini nimekula na kulala na mmoja. Najua plagi haikazwi kwa bomba. Yeye mwenyewe amewahi kufukuza watu kazini kwa kosa hilo.

Nikasema, "Fundi, imetosha."

"Bado inacheza," akasema.

Akakaza. Nikaona bega lake limeshuka ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akaitoa plagi kwa vidole tu. Mikunjo yake ilikuwa imejaa vipande vya alumini vinavyometameta. Hizo zilikuwa nyuzi za tundu lenyewe, ile mikunjo inayoishika plagi, zimeng'oka zote. Plagi ukiiweka sasa inaingia na kutoka kama kizibo kwenye chupa iliyo pana.

Akaniangalia. "Nani amefanya hivi?"

"Chuma kimechoka," nikamwambia.

Akakubali. Akasema chuma cha siku hizi hakina adabu.

10 Machi

Ameshinda akitukana chuma cha siku hizi. Mkweche una umri wa binti yetu.

14 Machi, Alhamisi

Leo nimempata mume wangu.

Juzi alikifungua kichwa cha injini, silinda hedi kama wanavyoiita, akakileta juu ya meza ya kulia. Nimekula na sahani magotini siku mbili, sijalalamika. Ndevu alikuja asubuhi na tapu, kile chuma cha kuchongea nyuzi mpya, na bushi, kipete kidogo cha chuma chenye nyuzi ndani na nje. Ndevu alijifunza kazi kwa Fundi, na sasa ana karakana yake ya kukereza vyuma karibu na stendi. Ana mvi kwenye ndevu hizohizo zilizompa jina, lakini mbele ya Fundi bado anasimama mikono nyuma.

"Nikufanyie, mzee?" akauliza.

"Ulikuwa hujui kushika nyundo ulipokuja kwangu," Fundi akamjibu. "Kaa hapo."

Akapaka grisi kwenye tapu ili vumbi la chuma linase humo lisidondoke. Akaisimamisha juu ya tundu, akaitazama kwa jicho moja, akazunguka meza akaitazama kwa upande mwingine. Akaanza kuzungusha. Nusu mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Sauti yake ni kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Mvua ilikuwa inapiga bati. Alipomaliza alikuwa na tundu pana lenye nyuzi mpya, safi kama mshono wa cherehani mpya. Akaifunga bushi humo ndani, na ndani ya bushi plagi ikakaa imenyooka.

Akanivuta mkono. "Bibie, hebu jaribu. Kwa vidole kwanza. Mpaka ikatae yenyewe. Ukiisikia imekataa, unaongeza kidogo kwa spana, unaacha. Ni kama kumfunga mtoto kifungo cha shingo."

Nikajaribu. Ikakataa yenyewe. Akacheka, na Ndevu akacheka, nami nikaingia jikoni nikasimama huko mpaka macho yakakauka. Muda wote huo hakuuliza leo ni siku gani.

16 Machi

Ameikaza tena. Kwa bomba. Nilikuwa nampima mteja kiuno, sikumwona. Bushi imetoka pamoja na plagi, imeng'ang'ania kama kupe.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

20 Machi

Ndevu amekereza bushi nyingine, nene zaidi, na safari hii ameifunga yeye. Fundi alikuwa amelala. Kabla hajaondoka amenionyesha kwa ncha ya msumari. "Shangazi, nyama iliyobaki kuzunguka hili tundu ni nyembamba. Hii ikitoka, hakuna tena pa kuchonga. Bomba lifiche."

Nimelificha bomba chini ya magunia ya vitambaa.

23 Machi, Jumamosi

Imewaka. Alipiga kiki mara nyingi mpaka nikaanza kuomba isiwake, maana alikuwa anahema. Halafu ikakohoa, ikanguruma, na moshi ukaingia mpaka kwenye vazi la bibi harusi wa watu. Jirani yangu muuza mkaa akatoka akasema, "Leo mzee amefufua." Fundi aliketi juu ya kiti chake akaongeza moto, akapunguza, akaongeza, akisikiliza kichwa kimeinama. Nilipika chakula kama cha sikukuu. Nimeandika haya kwa furaha, muuguzi aone.

26 Machi, Jumanne

Nilikwenda dukani kununua uzi mweusi. Niliporudi mahali pa pikipiki palikuwa patupu, limebaki doa la oili tu.

Sikuvua hata viatu. Nilikwenda kwa jirani, jirani akamtuma mumewe upande wa soko, mimi nikaenda stendi kwa Ndevu, Ndevu akafunga karakana akatoka na pikipiki yake. Mvua ikaanza. Si mvua ya kusema utajibanza ukutani ipite; ilikuwa ile inayofanya barabara na mtaro viwe kitu kimoja. Nikasimama kwenye kona ya barabara kuu, nikitazama kila pikipiki inayopita, kila dereva akiwa amejifunika mfuko, wote wanafanana. Nilimwita kila mmoja. Wengine walisimama wakidhani ni abiria.

Giza lilikuwa linakaribia simu ilipolia. Namba yangu nimeishona ndani ya kola za mashati yake yote. Nilipokuwa nazishona nilijiona mjinga.

"Mama," sauti ya mwanamume ikasema, "mimi ni mlinzi wa ghala la saruji. Kuna mzee hapa getini. Anasema amechelewa kazini, anaomba bosi asimkate siku."

Nikajua ni wapi. Kabla ya ghala palikuwa na gereji, na hiyo gereji ndiyo aliyoanzia kazi akiwa kijana. Ilibomolewa kabla binti yetu hajazaliwa.

Ndevu alinipakia. Tulimkuta amesimama nje ya geti, ameshika usukani kwa mikono miwili, maji yanamchuruzika kidevuni. Mlinzi alikuwa amemkaribisha kibandani, akakataa. Hakutaka kuingia kabla hajaruhusiwa. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji. Aliponiona uso wake ukafunguka.

"Dada," akasema, "wewe si ni wa ofisini? Nisemee. Mimi sijawahi kuchelewa."

"Nitakusemea," nikamwambia.

29 Machi

Kifua kinambana. Homa. Anakohoa mpaka kitanda kinasogea. Hajauliza habari za pikipiki.

2 Aprili, Jumanne

Ameinuka, kitu cha kwanza pikipiki. Nilikuwa nimeitoa plagi nikaitia kwenye kopo la vifungo. Akapekua nyumba nzima. Halafu akatoka na pajama, akasimama mlangoni kwa muuza mkaa akamwita mwizi, yeye na mumewe, yule aliyemtafuta kwenye mvua. Watu wakajaa. Jirani hakumjibu vibaya. Alinitazama mimi tu, na kutazamwa kule ni heri angenitukana. Nikairudisha plagi.

Nikamwaga petroli. Akaisukuma pikipiki mpaka stendi, na vijana wakamjazia tangi kwa heshima.

Binti yetu amesema kwenye simu niiuze. Nimemwambia nitafikiria. Anaishika kila asubuhi kabla hajashika maji ya uso. Nitamuuzia nani kitu cha namna hiyo?

5 Aprili

Ametoka tena. Ndevu amemkuta njia panda, amesimama, hajui ashike ipi, magari yanampigia honi.

8 Aprili, Jumatatu

Ukurasa huu nitauchana kabla ya kwenda kliniki.

Alikuwa anaoga. Nilisikia maji yanamwagwa, na yeye anaimba ule wimbo wake usio na maneno. Nikatoa bomba chini ya magunia. Nikaivika spana kwenye plagi, nikalivika bomba kwenye spana, nikaegemea.

Mwanzo ilikataa, kazi ya Ndevu ni nzuri. Nikavua kandambili nisiteleze, nikaegemea tena kwa uzito wote. Nikasikia inakubali, polepole, kama kitambaa kinapoachia kwenye mshono. Bega langu likashuka. Nikaitoa kwa vidole, plagi na bushi na kipande cha alumini chenyewe, na upande mmoja wa tundu ukaonyesha ufa. Nikarudisha vyote kama vilivyokuwa, vikakaa, vimelegea.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikakaa kwenye cherehani nikashona upindo wote wa suruali kabla sijaona kwamba sindano haina uzi.

9 Aprili

Ameona asubuhi. Plagi ilimjia mkononi. Akakaa chini kwenye sakafu, akatazama tundu, akaingiza kidole, akakitoa. Bomba nililisahau pale ukutani. Akalitazama bomba, halafu akaigeuza mikono yake, ndani na nje, kama mtu anayekagua mizigo ya mwenzake.

"Ni mimi," akasema. "Bibie, ni mimi niliyefanya hivi. Mikono yangu imekufa."

Akalia bila sauti. Sijamwona akilia tangu alipomzika mama yake.

Nilikuwa na neno moja la kumwambia na lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Ningemwambia, angesahau kabla ya chakula cha mchana, Ndevu angetafuta njia, injini ingewaka, na barabara iko palepale. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Jioni alikuwa ameshasahau kwamba alilia. Mimi sikusahau.

15 Aprili

Nilidhani nitampa kazi ya kumweka nyumbani. Kila asubuhi anakwenda kwenye pikipiki, anagusa plagi, inamjia mkononi. Kila asubuhi anagundua upya. Anatazama mikono. "Ni mimi." Analia, anakunywa chai, anakileta kile kichwa mezani, anachonga pasipo na cha kuchongwa mpaka anachoka. Jioni anakirudisha mahali pake, kesho yake tena. Nimempa msiba, na kila siku ndiyo siku ya kwanza ya huo msiba.

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Nguo za wateja zinanuka uvundo.

20 Aprili, Jumamosi

Ndevu amekuja. Amekigeuza kichwa cha injini kwenye mwanga. Fundi alikuwa amesinzia kwenye kiti.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "mzee siku hizi anaanza kwa kupinda. Hata ile plagi iliyong'oa bushi ya kwanza aliianza kwa kupinda. Huyu aliyekaza hapa hakupinda. Alikaza tu, moja kwa moja, mpaka mwisho."

Niliendelea kukunja kitambaa.

"Mkono wa Fundi naujua," akasema. "Huu si wake."

"Si wake," nikasema.

Akapangusa ndevu. "Naweza kukutafutia hedi nyingine kwa wauza vyuma chakavu. Zipo."

"Usitafute, mwanangu."

Alikunywa chai, na alipoinuka aliacha mezani bushi chache za ukubwa mbalimbali. "Hizi hazitashika," akasema, "lakini naye atapata cha kushika."

21 Aprili

Analia asubuhi. Anachonga mchana.

24 Aprili

Vilevile.

28 Aprili, Jumapili

Nimeshindwa kuvumilia. Alipoanza tu, kabla hajaitazama mikono, nikapiga magoti sakafuni nikamshika viganja vyote viwili.

"Fundi, nisikilize. Si wewe. Ni mimi niliyeziua nyuzi. Nilichukua spana na bomba, nikakaza mpaka zikatoka. Nilitaka usiende. Ni mimi."

Akanitazama kwa makini. Leo alikuwa ananijua, nilimwona ananijua. Halafu akatabasamu, akanipigapiga mkono kama anavyofanya mtu kwa mtoto aliyeleta hadithi.

"Wewe? Wewe hata spana unaishika kama mwiko." Akanipangusa shavu kwa kidole chenye grisi. "Usinibebee, bibie. Kosa langu niachie mwenyewe."

Na akalia. Nikakaa naye palepale sakafuni.

4 Mei, Jumamosi

Binti yetu alifika jana, kalala kwetu. Baba yake amemsalimia kwa heshima, akamuuliza pikipiki yake ina tatizo gani. Akamjibu kwamba inakosa nguvu mlimani. Wakazungumza vizuri kabisa juu ya hiyo pikipiki ambayo haipo, kabureta yake na minyororo yake, mpaka nikatamani nimwite mama yake aje aione. Halafu nikakumbuka mama yake ni mimi.

Wakati wa kuosha vyombo akasema, "Mama, njoo naye kwangu."

"Kwako ni ghorofani. Atatoka mlango upi?"

"Mama, na wewe unaisha. Jitazame mikono."

Nikaitazama. Grisi imeingia kwenye kucha, haitoki hata kwa sabuni ya unga. Nimeanza kuacha alama kwenye nguo za wateja.

"Nitafikiria," nikasema. Alilia njia nzima kwenda stendi. Mimi nilibeba begi.

12 Mei

Leo amekwenda kwenye pikipiki, akaipita, akakaa kitini. Nilipomletea tapu aliipokea, akaizungusha, akanirudishia. "Ya nini hii?" akauliza.

Hakulia. Hakusema ni yeye. Nimeomba sana asubuhi ya namna hii ifike. Imefika, na nimekaa hapa sijui ni kitu gani nilikuwa naomba.

15 Mei

Kifua tena. Chakula anakiweka shavuni anakisahau.

19 Mei, Jumapili

Mvua zimepungua. Asubuhi anahangaika, anakwenda mlangoni, anarudi, anafinyanga upindo wa shati mpaka umefumuka. Sijui kwa nini nilikichukua kile kichwa cha injini nikakiweka magotini, nikaanza kukwangua ndani ya tundu kwa tapu, bila kazi, kwa sauti tu. Akatulia. Akageuza kichwa upande wa ile sauti, akafumba macho.

Basi sasa asubuhi nakwangua, mchana nashona. Tundu limekuwa pana, kidole gumba kinapita.

27 Mei, Jumatatu

Mvua zimekwisha. Kesho kutwa ni kliniki. Nimesoma nilichoandika tangu mwanzo na sijachana ukurasa wowote. Muuguzi alitaka kujua yanayobadilika kwa mzee. Na yangu ayasome.

Leo aliamka mwenyewe, akavaa shati nililolipiga pasi jana, akafunga vifungo vyote, kimoja tu kimeruka. Nilikuwa barazani na kichwa cha injini magotini. Akatoka, akasimama hatua chache kutoka kwangu, kama wanavyosimama wateja.

"Habari za kazi, fundi," akaniambia.

Nilitazama nyuma kwanza, nione anamwambia nani.

"Nzuri," nikasema. "Karibu."

Akakaa kwenye benchi, mikono magotini. Akatazama kazi yangu kwa muda. "Nimekuja kuulizia ile pikipiki. Itakuwa tayari leo?"

"Leo haitawahi, mzee. Imeharibika sana."

"Aa." Akafikiri. Hakukasirika. "Si kosa lako, fundi. Ni kwamba nina safari ya kurudi nyumbani, na ni mbali kidogo. Mke wangu yuko peke yake."

Nikaacha kukwangua. "Ana wasiwasi?"

"Hasemi. Anashona. Akiwa na wasiwasi anashona haraka, ukiwa chumba cha pili unasikia." Akatabasamu akiangalia barabara. "Nikichelewa, yeye hali chakula. Ananisubiri."

Nikamwambia chakula kiko tayari, ale kabla hajaanza safari. Alisita, akasema hapendi kusumbua watu kazini kwao, halafu akaja. Nilimnawisha mikono nikamkalisha mezani. Kifua hakikumbana. Alikula taratibu, akitafuna mpaka mwisho, bila kukumbushwa. Sijamwona akila hivi tangu mvua zianze. Ila kipande kikubwa cha nyama alikisogeza pembeni ya sahani, akakizungushia ugali kidogo, na kila nilipomwambia amalizie alikifunika kwa kiganja.

"Hiki cha mke wangu," akasema. "Huna karatasi, fundi, nikifungie?"

Nikamletea karatasi. Akafunga vizuri, akakunja pembe zote, akakitia kwenye mfuko wa shati, akashukuru, akaenda kukaa benchini kungoja.